Ghasia Zilikuja, Daftari Halikufungwa

(Hotuba ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa madarasa ya kisomo, Kawe, Dar es Salaam)



Leo mmepata vyeti vyenu. Mnajua kusoma, mnajua kuandika, mnajua kuhesabu. Hongereni sana. Najua mlikuwa mnakuja darasani baada ya kazi za kutwa. Wapo waliotoka kuuza samaki pwani, wapo waliotoka bustanini kumwagilia mchicha, wapo waliotoka kwenye kibarua. Mmekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakagonga meza, lakini mmemaliza.

Sasa nina swali moja. Cheti umepata. Kesho asubuhi utaandika nini?

Nauliza kwa sababu katika kazi hii nimeliona jambo hili mara nyingi. Mtu anamaliza kisomo vizuri, halafu daftari analisukuma chini ya godoro. Mwaka unapita, miwili inapita. Siku akiambiwa atie sahihi, anauliza wino wa kidole gumba uko wapi. Kisomo kisichotumika huota kutu kama jembe lililoachwa nje.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya kuandika kila siku kwa utaratibu, hata siku ile ambayo mambo yote yamevurugika. Mfano wangu unatoka katika nchi yetu wenyewe, mkoa wa Kigoma, mahali panapoitwa Gombe.

Binti aliyekuja na daftari

Gombe ni hifadhi ndogo kando ya Ziwa Tanganyika, kama kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 35. Watu hufika huko kwa mashua. Kuna milima inayoshuka mpaka ziwani, na katika mabonde yake kuna msitu. Ndani ya msitu huo wanaishi sokwe.

Tarehe 14 Julai, 1960, binti mmoja wa Kiingereza alishuka ufukweni Gombe. Jina lake Jane Goodall. Umri wake miaka 26. Alifuatana na mama yake na mpishi. Wakati ule hakuwa amesoma chuo kikuu. Kazi aliyojifunza ilikuwa ya ukarani: kupiga chapa na kupanga majalada. Aliyempeleka ni Dokta Louis Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale aliyefanya kazi Olduvai. Dokta Leakey alitaka mtu mwenye subira, mwenye jicho la kuangalia na mkono wa kuandika.

Tazameni alivyoanza. Hata kabla ya kufika Gombe alikuta Kigoma imechafuka. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, 1960, vurugu zikatokea, na Wabelgiji wengi wakakimbia kuvuka ziwa. Mji wa Kigoma ukajaa wakimbizi. Jane na mama yake wakasaidia kuwatengenezea chakula. Walipoingia msituni, wote wawili waliugua malaria. Sokwe nao wakimwona tu, hata kwa mbali, wanakimbia. Na fedha alizopewa zilikuwa za miezi sita.

Basi alifanya nini? Alichagua kilele kimoja kilicho wazi, akawa anapanda huko alfajiri kila siku na kukaa kimya. Sokwe wakawa wanamwona mahali palepale, siku baada ya siku, mpaka wakamzoea. Kila alichokiona alikiandika: ni saa ngapi, ni mahali gani, ni sokwe yupi, anafanya nini. Usiku akirudi kambini aliandika tena habari za siku ile kwa mpangilio mzuri.

Mwezi wa Novemba mwaka huohuo alimwona dume mmoja ameketi kwenye kichuguu. Dume huyo alichomeka jani refu la nyasi ndani ya tundu, akalivuta limejaa mchwa, akala. Mara nyingine sokwe waliondoa majani kwenye kijiti kwanza ili kipite vizuri tunduni. Wanasayansi wa wakati ule walikuwa wanaamini kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza chombo cha kazi. Maandishi ya binti yule aliyesomea ukarani yakawalazimisha kufikiri upya.

Kazi ya herufi F

Mwanasayansi ni mtu anayetafuta ukweli wa mambo kwa kuangalia, kupima na kuandika. Akikosa utaratibu, anayoyaona yanageuka kuwa porojo. Utaratibu wa Jane Goodall ulianzia kwenye majina.

Mwaka 1962 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Huko aliambiwa kwamba amekosea kuwapa sokwe majina, angewapa namba. Yeye akashikilia majina. Lakini majina yenyewe yalikuwa na mpango. Palikuwa na jike mmoja mzee anaitwa Flo. Watoto wake waliitwa Faben, Figan, Fifi na Flint. Mmeona? Wote wanaanza na herufi F. Ukikuta jina Fifi kwenye karatasi, unajua mara moja kwamba huyu ni wa ukoo wa Flo. Herufi moja tu, ambayo nanyi mmejifunza hapa, inafanya kazi ya cheti cha kuzaliwa.

Mwaka 1972 Flo alikufa. Mwanawe Flint alikuwa na umri wa miaka kama minane. Flint alijikunyata, akaacha kula, naye akafa kabla mwezi haujaisha. Mtu asiye na daftari angeona sokwe wawili wamekufa, basi. Waliokuwa na daftari walijua huyu ni mama, huyu ni mtoto wake, na hakuwahi kutengana naye. Hivyo dunia ikajua jinsi mtoto wa sokwe anavyomtegemea mama yake kwa miaka mingi.

Utaratibu nao hujaribiwa

Ndugu zangu, msidhani kwamba mtu mwenye utaratibu hapatwi na ghasia. Gombe zilikuja nyingi.

Ghasia nyingine zilitokana na utafiti wenyewe. Ili sokwe wasogee karibu na kambi, walikuwa wanapewa ndizi. Wakaja wengi mno, wakapigana. Nyani nao wakaja kugombania. Ikabidi ugawaji wa ndizi upunguzwe sana.

Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliingia. Sokwe kadhaa walikufa, na wengine wakapooza mikono au miguu. Watafiti walitia dawa ya chanjo ndani ya ndizi wakawapa.

Mwaka 1969 mtafiti mmoja kijana alianguka gengeni akafa. Baada ya msiba huo ikawekwa sheria: mtafiti asitembee peke yake milimani, afuatane na Mtanzania anayefanya kazi pale. Watanzania hao walitoka vijiji vya jirani. Hawakuwa wasomi wa vyuo. Mwanzoni walichukuliwa kama wasaidizi wa kuongoza njia. Lakini walikuwa wanatazama. Wakamjua kila sokwe kwa sura yake, wakajua kila mti na tunda lake. Wakafundishwa kujaza karatasi za utafiti, nao wakajifunza.

Kumbukeni jambo hili, kwa maana ndilo lililookoa kazi yote.

Usiku wa tarehe 19 Mei, 1975

Usiku huo watu wapatao 40 wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, nchi ambayo leo inaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walikuwa waasi wanaopigana na serikali ya Rais Mobutu. Waliingia kambini Gombe wakateka vijana wanne watafiti, watatu wa Marekani na mmoja wa Uholanzi. Wakaondoka nao gizani kwa mashua.

Majadiliano yalikuwa marefu na magumu. Wote wanne waliachiwa wakiwa hai, lakini wa mwisho alikaa mikononi mwa waasi zaidi ya miezi miwili.

Watafiti wa kigeni wakaondoka Gombe, na kwa muda mrefu hawakukaa tena kule. Jane Goodall mwenyewe aliishi hapa Dar es Salaam. Mumewe, Derek Bryceson, alikuwa Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa, na huko nyuma alipata kuwa Waziri wa Kilimo. Jane aliweza kwenda Gombe kwa siku chache chache tu.

Haya, fikirini. Kumbukumbu zilikuwa zimeandikwa kwa miaka 15. Kumbukumbu za namna hii zina thamani kwa sababu hazina pengo. Ukiacha kuandika mwaka mmoja, mtoto amezaliwa hujui, mzee amekufa hujui, jike amehama hujui amekwenda wapi. Ukirudi ni kama unaanza upya. Na sasa wenye digrii wameondoka. Nani ataandika?

Waliandika Watanzania. Waliandika akina Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na wenzao. Waliandika kwa Kiswahili, lugha hiihii mliyosomea ninyi.

Na kazi yenyewe haikuwa ndogo. Kila jioni sokwe hujenga kiota cha kulala juu ya mti. Waandishi huenda chini ya kiota hicho kabla ya jua kuchomoza, wakamngoja aamke. Akishuka wanamfuata, mlima kwa bonde, miibani na mvuani, mpaka ajenge kiota kingine jioni. Kila dakika 15 wanaandika yuko mahali gani. Kuna karatasi ya kutia tiki: nani amefika, nani ameondoka, saa ngapi. Kuna karatasi ya maelezo: amekula tunda gani, amepigana na nani, amemchambua nani manyoya. Kesho yake wanaanza tena.

Mwaka huohuo wa 1975, mwezi Agosti, taifa letu lilifanya mtihani wa kwanza wa kisomo cha watu wazima nchi nzima. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa 67 katika kila 100. Mwaka 1975 walikuwa wameshuka mpaka 39 katika kila 100. Wakati wanakijiji kwa mamilioni wanashika kalamu kwa mara ya kwanza, kule Gombe wanakijiji wachache walikuwa wanashika kalamu kuokoa kazi ambayo dunia nzima ilikuwa inaitazama.

Kuandika hata usichokipenda

Lipo jambo jingine gumu kuliko miiba. Nalo ni kuandika habari usiyoipenda.

Jane Goodall aliwapenda sokwe wale. Kwa miaka mingi aliamini kwamba ni wapole kuliko sisi binadamu. Lakini mwezi Januari 1974, Hilali Matama alishuhudia madume wa kundi la kaskazini wakimvamia dume wa kundi la kusini. Walimshika, wakampiga na kumng'ata. Hakuonekana tena. Mashambulizi yakaendelea miaka minne, mpaka kundi la kusini likaisha kabisa. Makundi hayo zamani yalikuwa kundi moja. Walikuwa wanajuana.

Jane alisikitika sana. Wapo waliomshauri asitangaze habari hizo. Lakini ziliandikwa na zikatangazwa kama zilivyotokea. Daftari linaloandika mazuri tu limekwisha kuwa la uongo, hata kama kila neno ndani yake ni la kweli.

Na faida yake ikaonekana baadaye. Mwaka 2009 watafiti walitangaza kwamba sokwe wa Gombe wenye virusi vya jamii moja na virusi vya UKIMWI hufa mapema kuliko wenzao, na baadhi yao huugua ugonjwa unaofanana na UKIMWI. Kabla ya hapo wengi walidhani virusi hivyo haviwadhuru. Ilijulikanaje? Palikuwa na vipimo vya maabara, na palikuwa na orodha ya miaka mingi: nani yuko hai, nani amekufa, lini, na alikuwa mtoto wa nani. Orodha hiyo iliandikwa na watu wanaoamka alfajiri.

Jane Goodall alifariki dunia tarehe 1 Oktoba, 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Kazi ya kuandika Gombe haikufa naye. Ilikwisha kuwa na mikono mingi.

Sisi wa hapa Kawe

Sasa mtaniuliza: Mwalimu, sisi hatuna sokwe. Kweli. Lakini tuna mali, tuna watoto, tuna vikundi. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuchukue mama anayekaanga samaki. Tuseme leo amenunua samaki wa shilingi 40,000. Mafuta 6,000. Kuni 5,000. Nauli na mzigo 2,000. Jumla ametumia 53,000. Jioni amepata 61,000. Asiyeandika anakumbuka samaki tu. Anasema, nilinunua kwa 40,000, nimepata 61,000, faida 21,000. Anatumia 15,000 nyumbani, moyo umetulia. Kumbe faida yake ya kweli ni 8,000. Ameshakula 7,000 za mtaji. Akifanya hivyo wiki moja, wiki ya pili anakwenda kukopa, na anasema amerogwa. Hakuna aliyemroga. Hakuandika.

Tuchukue kikundi cha kuweka na kukopa. Mweka hazina ni mwaminifu, hesabu zote anazo kichwani. Siku moja anaugua ghafla, yuko kitandani hasemi. Nani anajua fulani ameweka kiasi gani? Hapo ndipo majirani wa miaka 20 wanapoacha kusalimiana. Gombe walipoondoka wakubwa, wengine walikuwa wanajua kujaza karatasi. Kikundi chenu je?

Tuchukue mvua. Ninyi mnajua mvua za masika zinavyofanya katika maeneo yetu ya bondeni. Maji yanaingia ndani usiku, watu wanabeba watoto na magodoro. Hati ya kiwanja, kadi ya kliniki, daftari la kikundi, vyote vinaelea. Kesho yake ndiyo siku unayovihitaji kuliko siku zote.

Basi nawaachia mambo matano ya kufanya:

1. Andika tarehe kwanza. Habari isiyo na tarehe ni kama mtu asiye na jina.

2. Andika siku ileile. Ukingoja Jumamosi, utakuwa unakumbuka yale unayoyapenda.

3. Andika hasara kama unavyoandika faida. Samaki wakioza, andika wameoza. Baada ya mwezi utaona ni siku zipi unanunua wengi kupita kiasi.

4. Mfundishe mtu wa pili. Mume amfundishe mke, mke amfundishe mume, mweka hazina amfundishe msaidizi. Kazi inayojulikana na mtu mmoja hufa na mtu mmoja.

5. Weka daftari mahali pa juu, ndani ya ndoo au kopo lenye mfuniko. Maji hayachagui.

Mtaona siku nyingine ni ngumu. Mtoto anaumwa, biashara imelala, umegombana na mwenzako. Siku hiyo usiseme nitaandika mambo yakitulia. Mambo hayatulii. Andika mstari mmoja tu: tarehe, na neno "sikuuza". Mstari huo mmoja unazuia pengo. Watu wa Gombe hawakungoja ziwa liwe na amani.

Wazee wangu, mama zangu, vyeti mlivyopewa leo vitundikeni ukutani, mnastahili. Kalamu msiitundike. Kesho asubuhi, kabla ya kutoka kwenda pwani au sokoni, fungua ukurasa mpya na andika tarehe juu kabisa upande wa kulia, kama mlivyofundishwa. Jioni utajua cha kuandika chini yake.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini kazi ya Gombe haikusimama baada ya Mei 1975?

2. Katika mfano wa mama anayekaanga samaki, ni gharama zipi alizozisahau? Jumla yake ni shilingi ngapi?

3. Katika kikundi chenu, mweka hazina akisafiri leo, nani anaweza kuendelea na daftari? Kama hakuna, mtamfundisha nani, na mtaanza lini?